Taa za Sikukuu Zimulike Njia, Si Madirisha ya Maduka

Kila uingiapo mwezi wa Desemba, jiji la Dar es Salaam huvalishwa taa. Milango ya maduka makubwa, mahoteli ya Posta na Masaki, na ofisi za mabenki hufungwa nyuzi za taa ndogondogo za rangi; miti huzungushiwa waya tangu shinani hadi kileleni; na jioni wazazi huwachukua watoto wao wakatazame na kupiga picha. Sina ugomvi na furaha ya mtoto anayetazama taa. Wala mfanyabiashara anayelipia umeme wake na kuupamba mlango wake hajamkosea mtu.

Ugomvi wangu ni na kasumba inayoanza kuota mizizi miongoni mwetu sisi watumishi wa umma wa Mkoa wa Mara. Nimeisikia kando ya vikao, nimeisikia katika mazungumzo ya jioni. Inasema kwamba mji usiokuwa na taa za mapambo mwezi wa Desemba ni mji uliobaki nyuma, na kwamba Tarime mjini na Mugumu hazina budi kuwa nazo, kwa fedha za halmashauri, ili nasi tuonekane. Tuonekane na nani? Hilo halijibiwi.

Ni vyema tukumbuke mapambo haya yalianzaje. Mwaka 1882, mjini New York, Edward Johnson, aliyekuwa mshirika wa Thomas Edison katika biashara ya umeme, aliufunga mti wa Krismasi nyumbani kwake kwa globu 80 nyekundu, nyeupe na buluu. Bwana huyo alikuwa anauza umeme, na mti ule ulikuwa tangazo. Taa za Regent Street, London, zilizowashwa mwaka 1954, zilianzishwa na wenye maduka wa mtaa huo ili wateja warudi. Na mwaka 1973, mafuta yalipoadimika duniani, Rais Nixon wa Marekani aliwaomba wananchi wake wasiwashe taa za mapambo nje ya nyumba zao. Matajiri wenyewe, walipobanwa, walijua ipi ni taa ya haja na ipi ni taa ya madaha. Sisi tunataka kuanzia kwenye madaha.

Isitoshe, Desemba yetu ilikuwa na taa yake kabla ya hizi za madukani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu ya Mlima Kilimanjaro. Wazo lilikuwa la Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humu, aliyelitamka katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959: kwamba taa hiyo imulike hata nje ya mipaka na ilete tumaini mahali ambapo watu wamekata tamaa. Mtu yeyote anayejua shule za huku zinapofungwa huwa kunatokea nini, hahitaji kuuliza kukata tamaa kunakaa wapi.

Walimu wenzangu wanafahamu. Katika baadhi ya koo za Wakurya wa Tarime na Serengeti, likizo ndefu ya Desemba ndiyo msimu wa kuwakeketa wasichana. Si koo zote, wala si kila mwaka. Wazee wa mila hukaa, huamua, na habari huenea kabla hata ya mitihani ya kufunga shule. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Mara wanawake 28 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima ni 8. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuwa umekuta 32. Yaani kwa miaka ipatayo saba tumepunguza wanne tu katika mia. Sheria ipo tangu mwaka 1998: amkeketaye au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15. Lakini sheria hukaa mjini, na msichana hukaa kitongojini. Akishakeketwa huhesabiwa kuwa mtu mzima, ng'ombe za mahari huanza kuzungumzwa, na mwezi Januari mwalimu wa zamu huita jina lake katika daftari la mahudhurio bila kuitikiwa.

Wapo wanaokimbia. Hukimbilia nyumba salama, kama ile ya Masanga wilayani Tarime na ile ya Mugumu wilayani Serengeti, au kwa watu wa dini, au kituo cha polisi. Hukimbia usiku, kwa kuwa mchana wanachungwa. Na usiku wa kijijini huku ni usiku hasa.

Nitasimulia moja. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya msingi ya huku, mlango wangu ulibishwa usiku, siku chache kabla ya Krismasi. Alikuwa mwanafunzi wangu, aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka ule. Miguu ilikuwa imechubuka na kanga imelowa umande. Alikuwa amewasikia shangazi zake wakipanga mambo ya alfajiri, akatoka kwa kisingizio cha kwenda chooni. Mke wangu alimpa uji. Mimi nilimwuliza alijuaje njia katika giza lile, maana kwao ni mbali na kuna mto wa kuvuka. Akasema, "Mwalimu, nilifuata taa yako."

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, ya umeme wa jua, niliyoitundika nje kwa ajili ya kulinda kuku. Kulipopambazuka nilimpeleka kwenye ofisi ambayo ilipasa impokee, nikakuta kufuli, watumishi wako sikukuu. Tulizunguka naye hadi jioni ndipo akapata pa kulala. Tangu siku hiyo, kila ninapoona picha za miti iliyofungwa taa mia, huwa najiuliza binti yule angekuwa wapi kama nisingekuwa na kuku.

Sasa nitajibiwa kwamba umeme upo. Ni kweli. Mwezi Desemba mwaka 2023 nchi ilikuwa katika mgawo. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo yake yote tisa, megawati 2,115, na hakuna asemaye kwamba globu za mapambo zitaumaliza umeme huo. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nyaya vijijini, na mwananchi wa kijijini huunganishiwa kwa Sh 27,000. Lakini umeme kufika kijijini si sawa na umeme kufika kila kitongoji, na nguzo kupita mbele ya shule si sawa na taa kuwaka nje ya nyumba ya mwalimu. Tembea usiku kutoka barabara kuu kwenda ndani, uhesabu. Suala si wingi wa umeme, ni mahali ambapo globu inafungwa.

Nitaambiwa pia kwamba taa haizuii wembe wa ngariba. Nakubali. Wembe utazuiwa na wazee wa mila watakapobadilika, na wazazi, na mahakama zitakapopata mashahidi wasiogopa ndugu zao. Hiyo ni kazi ya miaka. Lakini msichana anayekimbia mwaka huu hawezi kuisubiri. Anahitaji kujua aelekee wapi, na usiku hakuna njia ya kumwelekeza isipokuwa taa. Kwa upande wa Sirari jambo hili ni zito zaidi: mpaka wa Kenya uko jirani, wasichana hupelekwa ng'ambo kukeketwa ijapokuwa Kenya nayo imepiga marufuku kwa sheria yake ya mwaka 2011, na katika giza la njia za panya hakuna amwonaye anayevushwa.

Wananchi wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti wangeelewa hoja hii upesi kuliko sisi wa maofisini. Kwao mwanga wa usiku ni zana ya kazi, kama jembe. Tochi zao huwinga tembo wanaoingia mashambani. Mkulima yule ukimwambia kuna taa inayofungwa ili itazamwe tu, atakuuliza kama mna shida ya akili.

Wala sisemi jambo geni kuhusu fedha. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba, na Sh bilioni 4 zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia naye alifuta sherehe hizo, na Sh milioni 960 zikaenda kujenga mabweni manane kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Ikiwa gwaride la taifa zima liliweza kusubiri, itakuwaje mapambo ya mzunguko wa barabara mjini Tarime yashindwe kusubiri? Halmashauri ya Wilaya ya Tarime hupokea ushuru wa huduma kutoka mgodi wa North Mara, na mgodi huo usiku huonekana kutoka mbali jinsi unavyowaka. Haiwezekani tukakosa fedha ya taa kumi za jua kwa kata, tukapata ya nyuzi za rangi.

Mahali pa kuzifunga panajulikana: nyumba ya mwalimu, zahanati, kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, njia ya kuingilia nyumba salama, stendi ya basi. Na wasichana waambiwe wazi, gwaride la asubuhi, kabla shule hazijafungwa: ukiona taa hii, kuna mtu macho. Bila maneno hayo taa itakuwa pambo kama mapambo mengine. Kadhalika pawepo mtumishi wa zamu, kwa majina na tarehe, likizo nzima. Nimekwisha kuliona kufuli, sitaki mwingine alione. Ndugu zetu wa Ustawi wa Jamii wasichukie. Wao ni wachache na kata ni nyingi, ndiyo maana walimu lazima wawemo katika zamu hiyo, na walipwe posho yake kama kazi nyingine yoyote ya usiku.

Makisio ya halmashauri hujadiliwa na Baraza la Madiwani miezi ya mwanzo wa mwaka, na matumizi yake huanza tarehe 1 Julai. Anayetaka taa ya Desemba awaandikie madiwani mapema, kwa idadi ya taa, jina la kitongoji, na jina la nyumba itakayofungiwa. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kata ndio wanaojua nyumba hizo. Barua hiyo haihitaji kibali cha mtu.