Neno Moja kwa Kazi Ishirini

Katika shule zetu kuna maneno machache yanayotumikishwa kuliko punda wa mji wa Lamu. Maneno hayo ni poa, fiti, noma na msee. Hayapumziki mchana wala usiku. Husikika bwenini, uwanjani na mezani pa chakula, na sasa yamekwisha kupanda hata katika insha. Nadai kuwa mazoea haya yanawadhulumu vijana, na nitaitaja dhuluma yenyewe ili msomaji ahukumu.

Sisemi kuwa kosa la maneno hayo ni kuzaliwa mitaani. Kiswahili hakikufukuza wageni tangu zamani. Meza na leso yalitoka kwa Wareno, shule lilitoka kwa Wajerumani, na gari lilitoka Bara Hindi. Neno matatu nalo lilianzia vinywani mwa watu wa Nairobi, kwa ajili ya nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Leo limo katika magazeti na katika sheria. Sheng pia, iliyokulia katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ina ucheshi na werevu ambao mtu wa haki hawezi kuukana. Mashtaka yangu ni juu ya jambo jingine: neno moja kupewa kazi ya maneno ishirini, na yale ishirini kuachwa yafe kwa njaa.

Tazama neno poa. Asili yake ni kitenzi chenye heshima: uji hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Leo chakula ni poa, mwalimu ni poa, wimbo ni poa, na mgonjwa aliyetoka hospitali ni poa. Waliotutangulia walijua kupambanua. Kwao chakula kilikuwa kitamu, upepo mwanana, bahari shwari, akili timamu, sauti nyororo na maneno murua. Aliyesema kuwa bahari ni shwari alimwambia nahodha jambo la kumwokoa. Anayesema kuwa bahari ni poa hajaeleza kama maji yametulia, au ni ya baridi, au yanapendeza macho tu.

Neno msee, ambalo ni mzee aliyenyang'anywa mvi, huitiwa rafiki, dereva na hata mtoto. Noma limezidi yote. Mtihani mgumu ni noma, ajali ni noma, na mchezaji hodari naye ni noma. Neno linalobeba sifa na balaa kwa pamoja halibebi kitu.

Yamkini mtu atauliza: kuna madhara gani ikiwa wasemaji wanaelewana? Katika mzaha hakuna. Lakini maisha si mzaha siku zote. Daktari hutaka kujua kama maumivu yanachoma, yanakeketa au yanapwita, wala hawezi kutibu noma. Tena iko siku mwenzako atafiwa na mama yake. Watu wa pwani wana neno la saa hiyo: makiwa, na mfiwa hujibu, tunayo. Kijana aliyezoea neno moja atasimama mbele ya mwenzake, atasema, "Ni noma, msee," kisha atainamisha kichwa. Moyo wake umejaa huruma, lakini ulimi wake hauna kitu cha kumpa mfiwa. Hiyo ndiyo dhuluma niliyoitaja. Kijana hunyimwa njia ya kutoa kilichomo moyoni mwake, na anayemnyima ni mazoea yake mwenyewe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Cheo hicho hakikupewa maneno manne.

Kwa hivyo, kijana, yaweke maneno hayo mahali pake, katika mzaha na rafiki. Kila yanapokujia ulimini mahali pengine, jiulize: nataka kusema nini hasa? Kisha tafuta neno la kazi hiyo. Ukilikosa, muulize mwalimu, muulize bibi yako, au fungua kamusi. Lifunze leo ukiwa huna haja nalo, ili siku ya haja ulikute. Akiba haiozi.