Kona ya fundi: Mashini gani ya kung'arisha motokari?

Ndugu kijana, hapa Lubumbashi kiangazi kinaanza mwezi wa 5 mpaka wa 9. Ukipangusa vumbi nyekundu na kitambaa kikavu, rangi ya motokari inakwaruzika. Unataka kufanya kazi ya kuing'arisha? Chagua mashini vizuri.

Ziko namna mbili. Ya kwanza inazunguka tu. Iko na nguvu, inamaliza mikwaruzo upesi. Lakini ukiisimamisha pahali pamoja inachoma rangi, na kwenye pembe za milango inakula verni. Ya pili inazunguka huku inatikisika. Inakawia, lakini haichomi upesi.

Verni ile ni nyembamba, mara nyingi mikroni 40 ao 50, sawa unywele mwembamba. Ikiisha, hairudi: utalipa kupaka upya motokari ya mwenyewe.

Basi, mwenye kuanza anunue ya pili, ile inayoweza kupunguzwa mbio. Wati nyingi si ufundi. Osha vumbi yote kwanza, tumia sponji laini na dawa isiyo kali, jaribu pahali padogo. Mukwaruzo unaoshika ukucha, uache: huo unaomba rangi, hauombi mashini.