Ukizeeka Utaishi Wapi? Fikiria Siku ya Kuugua



Mtumishi wa serikali anaijua siku yake ya kustaafu. Akifika miaka 55 anaweza kuomba kupumzika. Akifika miaka 60, watumishi walio wengi hutakiwa na sheria kupumzika. Mkulima, mfugaji na mchimba dhahabu hawaletewi barua. Barua yao huletwa na magoti, macho na kiuno. Lakini swali ni moja kwa wote: nguvu zikipungua, utaishi wapi?

Hili ni swali la afya, si la kiwanja tu. Wengi wetu huchagua mahali pa kuzeekea tukiwa wazima. Tunatazama upepo mzuri, shamba kubwa au makaburi ya babu zetu. Maoni yetu ni haya: chagua mahali kwa kufikiria siku utakayougua. Mahali panapomfaa mgonjwa panamfaa na mzima. Lakini si kila mahali panapomfaa mzima panamfaa mgonjwa.

PWANI KUNA NINI?

Wako wenzetu wa Shinyanga na Geita waliofanya kazi Dar es Salaam au Tanga. Wakistaafu, baadhi yao hununua kiwanja Kibaha, Bagamoyo au Mkuranga na kubaki huko. Pwani ina mema yake. Samaki wapo, na Hospitali ya Muhimbili haiko mbali sana. Mtu mwenye watoto huko, aliyezoeana na majirani huko, hana sababu ya kuhama. Kwake ni huko sasa.

Lakini mtu asiuze ng'ombe wake Kahama akapumzike baharini, kwa kuwa amesikia tu kwamba hewa ni nzuri. Hewa ya bahari haitibu shinikizo la damu. Mbu wa malaria wapo pwani kama walivyo huku kwetu. Tena kwa miaka mingi watu wa pwani wamesumbuliwa na matende na mabusha, magonjwa yanayoenezwa na mbu. Na kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Ukianguka usiku, nduguyo wa Kahama atafika lini? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

NYUMBANI NAKO TUTAZAME

Wengine husema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Ni kweli. Lakini kwenu ni wapi hasa? Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, familia nyingi za mikoa yetu zilitoka katika makazi ya zamani zikahamia vijijini. Shule, zahanati na visima vikajengwa vijijini. Mahame yakabaki porini.

Leo wako wazee wanaotaka kurudi mahameni peke yao, kwa sababu ardhi ile ni ya babu. Ardhi ni mali, isiachwe. Vijana waende wakalime. Lakini mzee asiishi peke yake mahali ambapo hakuna mtu wa kuona kama mlango wake umefunguliwa asubuhi.

Wengine hujenga karibu na machimbo ya dhahabu ili wapangishe vyumba au wauze chakula. Hapa tuwe waangalifu. Wachimbaji wadogo huchanganya mchanga wenye dhahabu na zebaki, kisha huchoma ili zebaki iondoke. Mvuke wake ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mikono huanza kutetemeka. Zebaki hubaki pia katika udongo na katika tope la madimbwi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Basi usijenge jirani na mahali pa kuoshea au kuchomea dhahabu, hata ukipewa kiwanja bure.

Na wewe uliyechimba kwa miaka mingi, pima kifua kabla ya kuchagua mahali. Vumbi la mwamba huumiza mapafu, na mapafu yaliyoumia hushikwa upesi na kifua kikuu. Ukikutwa na tatizo, utahitaji kuishi karibu na hospitali.

PIMA MAMBO MATATU

Jambo la kwanza ni maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria husukumwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga. Hii ni faida kubwa. Lakini usiridhike kusikia kwamba maji yamefika wilayani. Nenda ukaone bomba la kijiji chenyewe. Nenda mwezi wa Septemba, wakati wa kiangazi. Je, linatoa maji? Mzee hawezi kubeba ndoo kutoka lamboni kila siku. Tena katika malambo na kando ya ziwa kuna konokono wanaoeneza kichocho.

Jambo la pili ni tiba. Magonjwa ya uzee, kama shinikizo la damu na kisukari, hayaishi kwa sindano moja. Humtaka mtu aende kliniki mara kwa mara, pengine kila mwezi. Chukua kalamu, tufanye hesabu. Kama kliniki iko kilomita 12 kutoka kwako, kwenda na kurudi ni kilomita 24. Kwa miezi 12 ni kilomita 288. Hizo ni nyingi kuliko kutoka Shinyanga hadi Mwanza. Je, magoti yako yataweza? Nauli itatoka wapi? Mzee akishindwa na safari, huacha dawa. Akiacha dawa, anaweza kupooza.

Uliza pia njia ya kufika hospitali kubwa. Zamani wagonjwa wengi wa Geita waliopelekwa Bugando, Mwanza, walisubiri kivuko pale Busisi. Tangu Juni 2025 kuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kutoka Busisi hadi Kigongo. Daraja hilo linamsaidia aliye karibu na barabara. Kwa aliye porini, tatizo ni kuifikia barabara.

Jambo la tatu ni watu. Hili tuliseme wazi. Katika mikoa yetu wazee wameuawa, hasa akina mama, kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Wengine walidhaniwa hivyo kwa sababu ya macho mekundu. Macho mekundu si uchawi. Mama aliyepika miaka 40 kwa kuni na kinyesi kikavu cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake huumizwa na moshi. Dawa yake ni jiko lenye njia ya moshi, na kupimwa macho hospitali. Basi kabla ya kuhamia mahali, uliza: wazee wa hapa wanaishije? Wanaitwa mikutanoni? Wanasalimiwa? Mahali ambapo wajane huishi kwa hofu, usimpeleke mama yako, hata kama kuna maji na zahanati.

ANZA SASA

Usingoje uchoke. Ukiwa na miaka 45 au 50, tembelea mahali unapopafikiria. Kaa hapo mwezi mmoja wa masika na mwezi mmoja wa kiangazi. Nenda zahanati, uliza kama dawa za shinikizo la damu hupatikana. Uliza ofisi ya kijiji juu ya matibabu ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetaja matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo.

Mume na mke waamue pamoja. Majina yao wote wawili yaandikwe katika hati ya ardhi. Mume akifa kwanza, mjane asifukuzwe katika nyumba aliyoichagua kwa ajili ya uzee wake.

Nyumba yenyewe iwe ndogo, yenye madirisha. Choo kiwe karibu, na kiwe na mti wa kushikia. Chandarua kiwepo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kutoka nyumbani kwako hadi kliniki ni kilomita ngapi? Kwa mwaka mzima utatembea kilomita ngapi?
2. Bomba au kisima cha kijiji chenu hutoa maji mwezi wa Septemba?
3. Ni wazee wangapi katika kijiji chenu wanaoishi peke yao? Nani aliwaona leo asubuhi?