Posho ya Mama Mzazi

Tangu mwaka 2006 mwanamke wa Burundi hujifungua bila malipo katika hospitali na vituo vya afya vya Serikali. Hatua hiyo iliwatoa wengi majumbani na kuwafikisha mikononi mwa wakunga, nasi tunaipongeza. Lakini mzazi akisha kurudi kwake na kichanga chake, hesabu hukoma. Damu aliyoipoteza, ambayo hata katika uzazi wa salama yaweza kukaribia nusu lita, hakuna anayeiulizia tena.

Sisi tunaovaa sare twajua kwamba posho ya askari hupimwa kwa kazi yake. Anayekwea mlima na mzigo halishwi kama anayekaa ofisini. Mama anyonyeshaye anahitaji kila siku kalori zipatazo 500 zaidi ya chakula alichokizoea. Nani anampimia? Maziwa nayo hayangoji. Akikosa kalsiamu mezani, mwili huichota mifupani mwake. Akikosa vitamini A, maziwa yenyewe hupungukiwa. Katika nchi ambayo uchunguzi wa mwaka 2016-2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, jambo hili si la jikoni peke yake.

Tuutazame mtaa wa Kiriri, kule kilimani, ambako Ziwa Tanganyika huonekana chini. Alfajiri hupanda huko wanawake kutoka mitaa ya bondeni, kwenda kufua, kupika na kulea watoto wa wengine. Wamo waliojifungua juzijuzi tu, nao hushinda kwa chai ya rangi na kipande cha mkate. Chai hiyo, ikinywewa pamoja na chakula, huuzuia mwili kupata madini ya chuma. Afadhali ingojewe kwa muda wa saa moja.

Dawa haiko mbali. Ndagala kavu, wanaoliwa na mifupa yao, hutoa protini na kalsiamu. Maharage na lengalenga vina madini ya chuma, na limau au pera husaidia yapokewe mwilini. Mawese mekundu yana vitamini A. Vidonge vya chuma navyo visitupwe baada ya kujifungua: Shirika la Afya Duniani hushauri vimezwe kwa wiki 6 hadi 12 palipo na upungufu mkubwa wa damu.

Tunayo desturi ya kumhemba mzazi, yaani kumwendea na zawadi. Siku hizi zawadi hizo mara nyingi ni kreti za bia na soda, na wanywaji ni wageni! Mwenye kwenda kuhemba na abebe maharage na ndagala, hata kama ndagala wamepanda bei, na mzazi apakuliwe kwanza, kabla ya baba.

Nao waajiri wa Kiriri tunawataka wampe mtumishi anyonyeshaye sahani kamili saa sita mchana, chakula kikiwa bado moto, wala si makombo ya jioni.