Msiseme Nywele Ndiyo Mbaya

Kuna neno nimelichoka humu kambini, na leo nataka kuligombeza mbele ya watu wote. Ni lile neno la saluni: "Hii nywele haishiki." Pita soko la Wasomali hapa Kakuma, pita upande wa Wahabeshi, rudi huku kwetu Wakongo, utalisikia kila mahali. Dada ameingia na nywele zake nzito zilizonyooka, anataka mawimbi ya harusi. Baada ya saa mbili mawimbi yameanguka. Msusi anatikisa kichwa, anapokea pesa yake, anasema nywele haishiki. Kwani nywele imekukosea nini?

Nalisema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe nimelitumia, na nimeunguza mtu.

Ilikuwa kabla sijaanza kazi ya vijana. Nilikuwa nasaidia kwenye chumba cha mabati chenye pazia zito mlangoni, kwa sababu wateja wetu wengi walikuwa Waislamu na hawavui mtandio mahali mwanamume anaweza kuchungulia. Akaja bibi harusi na mama yake. Nywele zake zilifika kiunoni, nyeusi, kila unywele mmoja unausikia kwenye vidole kama uzi. Tulipatana shilingi 1,500. Nikampaka mafuta kwanza ili zing'ae, nikachukua mafungu makubwa makubwa kwa sababu stima ya jirani ilikuwa ya kuhesabu saa, nikazungusha kwenye ile pasi ya mviringo, nikaachia. Zilikuwa nzuri kama dakika kumi hivi. Tulipofika nyuma ya kichwa, mbele kulikuwa kumeshanyooka.

Nikamwambia, "Abaayo, nywele yako haishiki." Halafu nikapandisha moto hadi namba ya mwisho na kurudia. Ile harufu naijua mpaka leo. Fungu moja la juu ya paji la uso lilibaki kwenye chuma, na yeye akabaki na kipande kifupi kama kidole, kimesimama, siku ya harusi yake.

Mama mtu hakupiga kelele. Aliokota zile nywele chini, akazifunga kwenye kitambaa, akanihesabia nusu ya pesa, kisha akaniuliza kwa upole tu, "Mlisoma wapi, mwanangu?"

Nilisoma, mama. Cheti ninacho, kina muhuri na picha yangu ninacheka. Miezi mitatu kwenye mafunzo ya ususi ya shirika moja ambalo sitalitaja. Tulijifunzia kwenye vichwa vya plastiki vyenye nywele za bandia ambazo ukizisogezea moto zinayeyuka. Kwa hiyo tulisuka, tukashonea, tukaambiwa habari za dawa ya kulainisha. Mambo ya mawimbi tulipewa alasiri moja, na hiyo alasiri mafuta ya jenereta yakaisha. Mwalimu akatuambia mengine tutayajua kazini. Ndiyo hivyo: tulikuja kuyajua kwenye vichwa vya watoto wa watu.

Tena fikiria kambi yenyewe. Hapa wako Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia. Hakuna mahali pa kufungua saluni penye nywele za aina nyingi kama hapa. Na mafunzo yanafundisha kichwa kimoja, tena cha plastiki! Ripoti inaandika wasichana kadhaa wamehitimu, picha zinapigwa, vichwa vinarudishwa kwenye boksi vikisubiri kundi lingine.

Kile ambacho hakikufundishwa si siri kubwa. Nilikijua baadaye, kidogo kwa kusoma kwenye simu, na zaidi kwa mama mmoja Mwethiopia ambaye hana cheti chochote. Unywele ni protini. Ndani yake kuna vishikizo vidogo vidogo vinavyoachia unywele ukilowa maji au ukipata moto, na vinashikana upya ukikauka au ukipoa. Umbo unywele ulilokuwa nalo wakati unapoa ndilo utakalobaki nalo, mpaka ulowe tena au ukutane na hewa yenye unyevu. Basi. Moto unafungua tu. Kinachofunga ni kupoa. Mimi niliachia fungu likiwa bado la moto, urefu wa mpaka kiunoni unalivuta kwenda chini, likapoa limenyooka. Nywele ilishika vizuri kabisa. Ilishika kile nilichoifundisha.

Unywele mnene uliotoka kichwani umenyooka ni mgumu kupinda na ni mzito, hilo ni kweli. Ndiyo maana unataka fungu dogo, upana wa vidole viwili, si kiganja kizima. Unataka nywele zilizooshwa zikatakata, na dada zetu Wasomali wana qasil yao inayosafisha vizuri; mafuta yanakuja mwisho kabisa, kidogo, kwenye ncha. Ukitumia pasi, pokea lile duara kwenye kiganja kabla halijafunguka, libane na pini kichwani, uendelee na lingine, na usiguse kitu mpaka kichwa chote kimepoa. Na ukunje kwa kubana kuliko unavyotaka mwishoni, maana yatalegea tu.

Lakini yule mama hana hata pasi. Anachemsha uwatu, anachuja yale maji yenye utelezi, anayapaka kwenye nywele zilizokauka nusu, anazungusha kila fungu kwenye kitambaa cha shuka kuukuu kuanzia ncha mpaka kwenye mzizi, anafunga fundo. Bibi harusi analala nazo chini ya shashi. Usiku wa hina si upo? Mtu anakaa kwa shangazi zake akisubiri mikono ikauke, nywele nazo zinakauka. Hewa yetu ya Turkana, hii tunayoilaani mwaka mzima kwa vumbi na ukavu, kwa kazi hii ni rafiki. Asubuhi anafungua polepole, hachani, anatenganisha kwa vidole tu. Nimeona mawimbi hayo yakicheza mpaka usiku. Gharama ni uwatu wa sokoni na shuka. Hakuna stima, hakuna jenereta, hakuna harufu.

Sasa, wako watakaoniambia (na mmoja ameshaniambia kwenye mkutano wa vijana, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni) kwamba chakula kimepunguzwa, watu wanalala njaa, na mimi nazungumzia mawimbi ya nywele. Ndugu yangu, ni kwa sababu chakula kimepunguzwa. Mtu wa kambini kupata kibali cha kazi Kenya ni shida unayoijua. Msichana wa miaka 19 mwenye mtoto atauza nini hapa? Ana mikono yake. Harusi moja ikienda vizuri inamletea nyingine, maana wanawake kumi na tano wako kwenye kile chumba wakitazama. Harusi moja ikienda vibaya, mtaa mzima umesikia kabla ya jioni. Mimi nilipoteza wateja wa Kisomali kwa mwaka. Hiyo ilikuwa unga, sabuni na ada ya mdogo wangu. Ukifundisha kupiga matofali hovyo, ukuta ukaanguka, mtasema ni mambo ya maana. Ya wasichana yakianguka mnasema ni urembo.

Na kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi, nitalisema hata kama halitapendwa. Hili neno la kulaumu nywele si jipya kwetu. Mwaka 2002 Wasomali Wabantu waliletwa hapa kutoka Dadaab, kabla ya kwenda Marekani. Walikuwa wanaitwa jareer, watu wa nywele ngumu, na wenzao wakajiita jileec, laini. Watu wamenyimwa ardhi na heshima kwa ajili ya kilichoota kichwani. Sisi tuliotoka Kivu nasi tunajua mtu anavyosimamishwa barabarani akaangaliwa pua na nywele. Leo tumekaa kambi moja, na ndani ya saluni namsikia Mkongo mwenzangu akisema nywele za hawa ni za kiburi, namsikia mwingine upande wa pili akisema za kwetu ni za kuvunja vichana. Kila mmoja amebeba lawama ya zamani na kuiweka kwenye kazi ambayo hakufundishwa.

Wanaotayarisha mafunzo mengine ya ususi, nasikia yapo njiani, nawaomba vitu viwili. Hivyo vichwa vya plastiki viacheni kwenye boksi, muwalipe wanawake wa hapa hapa waje na vichwa vyao na ujuzi wao. Kuanzia yule mama wa uwatu, alipwe kama mwalimu, si kupewa soda. Na msitoe cheti kwa msichana ambaye hajakunja nywele za mtu hai wa jamii tatu tofauti, zikakaa tangu asubuhi mpaka magharibi.

Yule bibi harusi wangu sasa ana watoto wawili. Tulikutana kwenye foleni ya maji, nikamwomba msamaha tena, akacheka, akavuta mtandio kidogo kunionyesha kwamba zimeota. Mdogo wake anaolewa mwezi ujao. Ameniambia nije usiku wa hina na vitambaa vyangu, ila pasi niiache nyumbani.