Heshima ya Gari la Wanyonge

Mtu wa Mfangano hakichagui chombo kwa uzuri wake. Kisiwa chake kimezungukwa na maji ya Ziwa Viktoria, na akitaka kufika Mbita sharti apande mashua. Injini ikizimika kati ya mawimbi, rangi yake haimwokoi. Humwokoa fundi anayeijua na kipuri kinachopatikana. Kwa kipimo hicho na tulipime gari la Volkswagen lenye mgongo wa kobe. Jina lake, kwa Kijerumani, maana yake ni gari la watu.

Gari hilo lilikuwa rahisi kwa bei na kwa matengenezo. Injini yake ilikaa nyuma ikapozwa kwa hewa, kwa hiyo halikuhitaji rejeta wala maji yake. Vumbi na matope ya Afrika ya Mashariki hayakulitisha: lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Yalitengenezwa magari 21,529,464, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, tarehe 30 Julai 2003.

Lakini tazama lilivyoagwa! Magari 3,000 ya mwisho yalifanywa toleo la ukumbusho, yakapambwa kwa rangi mbili maalumu na vyuma vya kung'aa. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya wengi kikaagwa kama johari ya wachache.

Wako watakaosema kuwa ukumbusho ni shukrani. Ni kweli, lakini gari la mwisho kabisa liliwekwa katika makumbusho Wolfsburg, Ujerumani, na hilo lingetosha. Wengine watasema lilikuwa limezeeka. Hilo nalo ni kweli, na kufa kwa mzee si dhuluma. Dhuluma ni kuusifu urahisi mazishini na kuunyima urithi. Tangu mwaka 1997 kiwanda kile kile cha Puebla kilikuwa kikitengeneza gari jipya lenye sura ya lile la zamani. Injini yake ilikuwa mbele, ikipozwa kwa maji, na bei yake haikuwa ya mnyonge. Sura ilirithiwa, wema ukazikwa.

Enyi vijana mtakaokuwa mafundi na wahandisi, heshima ya jembe ni shamba, si kutundikwa ukutani. Mkiunda mashua, pikipiki au gari, jiulizeni kwanza: je, mvuvi ataweza kukinunua chombo hiki, na fundi wa pwani yake ataweza kukitengeneza? Jibu likiwa ndiyo, mmelikumbuka gari lile kuliko waliolipamba.