Diwani Arudi kwa Waliomchagua

Wilaya ya Kigoma Vijijini ya zamani ilikuwa kubwa kupita kiasi. Ilianzia Kagunga, mpakani na Burundi, ikauzunguka mji wa Kigoma na Ujiji, ikateremka na ufuko wa Ziwa Tanganyika hadi Kalya, na kwa upande wa reli ikafika Nguruka. Mwaka 2012 iligawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Uvinza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 383,640 katika Uvinza na 211,566 katika sehemu iliyobaki.

Shabaha ya mgawanyo ule ilikuwa njema: kuwasogezea wananchi huduma. Lakini ofisi kusogezwa ni jambo moja, na sauti ya mwananchi kufika katika ofisi hiyo ni jambo jingine. Kazi hii ya pili haifanywi na ramani. Hufanywa na diwani.

Historia inalo funzo. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972 ulipoanzishwa mpango wa Madaraka Mikoani. Watumishi walipelekwa mikoani na wilayani kwa wingi, lakini mwananchi wa kijijini akakosa mtu aliyemchagua yeye mwenyewe kusimamia shule, zahanati na barabara yake. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978. Vijijini ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi kwamba kuvunja Serikali za Mitaa lilikuwa kosa.

Uchaguzi wa madiwani wa Oktoba 2015 ulikuwa wa kwanza kufanyika pamoja na Uchaguzi Mkuu tangu Uvinza ipewe mipaka yake. Tangu hapo ukumbi mmoja umewakutanisha wawakilishi wa mkulima wa Nguruka, mchimba chumvi wa Uvinza na mvuvi wa Kalya. Haja zao si moja. Mvuvi anauliza ushuru wa dagaa na migebuka unaotozwa mwaloni unamrudishia nini. Mkulima anauliza juu ya barabara ya kutolea mazao. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Kata ambayo diwani wake anahudhuria vikao na kunyamaza haina tofauti na kata isiyokuwa na diwani.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2024, wakati shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika ziliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Amri ya namna hiyo ina manufaa kwa vizazi vijavyo, lakini kwa kaya inayoishi kwa wavu miezi mitatu si mchezo. Katika hali kama hiyo diwani ana wajibu wa kwenda mwaloni kueleza sababu, kusikiliza shida, na kuzifikisha katika halmashauri bila ya kuzipunguza.

Watumishi wa halmashauri na walimu nao wana sehemu yao. Mtendaji asimwone diwani kuwa msumbufu anapodai hesabu. Kudai hesabu ndiyo kazi aliyotumwa. Mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kwa lugha inayoeleweka. Mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye msomi wa karibu zaidi na mwanakijiji, awasaidie wananchi kuielewa bajeti na kujua haki yao ya kuuliza, bila ya kuwachagulia mtu wa kumpigia kura.

Kura hupigwa siku moja katika miaka mitano. Diwani atakayeonekana Sunuka au Mwamgongo wakati wa kampeni tu, kisha akahamia mjini, ameirudisha kata yake katika hali ya mwaka 1972. Wananchi wanapaswa kulikumbuka hilo kila sanduku la kura linapowekwa mbele yao.